MAISHA YA BIBI LILLIAN WALD, ALIYEPELEKA MWUGUZI SHULENI

Ni desturi ya kitabu chetu cha kila mwaka kwamba baada ya taarifa ya Katibu na hesabu za Mhazini hufuata kurasa chache za maisha ya mtu mmoja mashuhuri aliyekwisha kufariki, ili wanachama wapate cha kusoma jioni wakiwa nyumbani, na watoto wao nao wapate kusikia. Mwaka huu tumemchagua mtu ambaye hakupata kuiona Kikima wala vilima vya Mbooni, na jina lake halitajwi katika soko letu, ingawa kwao ni jina kubwa. Yatupasa basi kueleza kwanza kwa nini tumemchagua.

Katika mkutano wetu mkuu, binti mmoja aliyemaliza masomo ya sekondari aliulizwa na wazee angependa kufanya kazi gani, naye akajibu kwa heshima kwamba ataka kuwa mwuguzi wa shule. Wazee walinyamaza kidogo. Kisha mmoja wao akauliza, wala hakuuliza kwa ubaya, kama hiyo ni kazi kweli. Maana mwuguzi ajulikana mahali pake ni hospitali, na mwalimu ajulikana mahali pake ni shule, na huyu anayesimama katikati atalipwa na nani? Watu walicheka, na binti akainamisha kichwa. Lakini sisi tulioandika kumbukumbu za mkutano tulilikumbuka swali hilo baadaye, tukaona si swali la kuchekesha. Ndilo lililokuwa mbele ya wakubwa wa mji wa New York mwaka 1902, na aliyewapa jibu ni Bibi Lillian Wald.

Alizaliwa tarehe 10 Machi 1867 katika mji wa Cincinnati, nchi ya Marekani, katika jamaa ya Kiyahudi iliyotoka Ujerumani. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa miwani na vyombo vya namna hiyo, na nyumbani hawakupungukiwa na kitu. Akali mtoto jamaa walihamia Rochester, akasoma huko katika shule ya bweni ya wasichana. Alipokuwa na miaka 16 aliomba kuingia chuo kikuu cha Vassar, akakataliwa kwa sababu umri wake ulikuwa mdogo mno. Baada ya hapo alikaa miaka kadhaa bila kujua afanye nini na maisha yake. Twalitaja jambo hili kwa ajili ya vijana wetu waliokwisha kurudishiwa barua za maombi.

Siku moja dada yake alikuwa mgonjwa kwa ajili ya uzazi, akaletwa mwuguzi nyumbani kumtunza. Lillian alimtazama mwuguzi yule akifanya kazi, na moyo wake ukavutwa. Mwaka 1889 aliingia katika shule ya wauguzi ya New York Hospital, akahitimu mwaka 1891. Alifanya kazi kwa muda wa mwaka mmoja katika makao ya watoto wasio na watunzaji, lakini hali aliyoikuta humo haikumpendeza, akaacha. Halafu akajiandikisha katika chuo cha udaktari cha wanawake. Kama angeendelea, huenda angekuwa daktari mwema wa kawaida, na sisi tusingekuwa na habari zake.

Wakati ule upande wa mashariki wa New York ulikuwa umejaa wageni waliotoka Urusi, Italia na nchi nyingine za Ulaya, maskini wengi wao, wamepanga vyumba katika nyumba ndefu za ghorofa, jamaa nzima chumba kimoja au viwili. Mwezi wa Machi mwaka 1893 Bibi Wald alikuwa akiwafundisha akina mama wa mtaa huo namna ya kumtunza mgonjwa nyumbani. Asubuhi moja ya mvua mtoto wa kike akaja kumwita: mama yake ni mgonjwa. Bibi Wald akamfuata katika njia za matope na takataka, wakapanda ngazi, akakuta jamaa ya watu saba katika vyumba viwili pamoja na wapangaji wengine, baba kilema, na mama aliyejifungua amelala katika kitanda kilicholoa damu. Akamwosha, akatandika kitanda, akasafisha chumba. Alipotoka humo alikuwa amekata shauri. Hakurudi tena katika chuo cha udaktari.

Wako watakaosema kwamba alipoteza bahati. Kwetu pia mzazi aliyelipa karo husikitika mtoto akiacha kilicho kikubwa machoni pa watu akashika kilicho kidogo. Hatuwalaumu wazazi, karo ni jasho. Lakini Bibi Wald alikuwa ameona kwamba madaktari mjini hawakukosekana. Lililokosekana ni mtu wa kuingia nyumbani mwa mgonjwa na kumwonyesha mama kwa mikono yake jinsi ya kufanya lile ambalo daktari amelisema.

Yeye na mwenzake waliyesoma pamoja, Bibi Mary Brewster, walihamia mtaani humo mwaka huo huo, wakapanga chumba cha juu kabisa katika nyumba ya wageni hao. Tajiri mmoja, Bwana Jacob Schiff, aliwasaidia kwa fedha, na mwaka 1895 akawapatia nyumba namba 265 katika barabara ya Henry Street. Nyumba hiyo ndiyo ikawa makao yao, na kazi ikaitwa kwa jina la barabara hiyo. Wauguzi walivaa nguo za buluu, wakachukua mifuko yao ya dawa na vitambaa, wakazunguka. Aliyeweza kulipa alilipa senti chache, asiyeweza hakulipa. Kwa kuwa ngazi za nyumba zile zilikuwa nyingi na za kuchosha, mara nyingi mwuguzi akimaliza nyumba moja hakushuka chini bali alipita juu ya mapaa mpaka nyumba ya pili. Wauguzi wetu wanaopanda na kushuka miteremko ya Mbooni watalielewa jambo hili bila kuelezwa zaidi.

Sasa twafika kwenye habari ya shule.

Katika nyumba moja Bibi Wald alimkuta mvulana aitwaye Louis, wa miaka 12, ambaye hajui kusoma hata herufi. Si kwamba mama yake hakumpeleka shule. Alikuwa na ukurutu kichwani, na kila alipofika shuleni aliambiwa arudi nyumbani mpaka apone. Hakuna aliyemwambia atapona kwa njia gani. Bibi Wald alitafuta kwa daktari dawa ya kupaka, akamwonyesha mama jinsi ya kuitumia, na miezi haikuwa mingi kichwa kikapona. Shule zilipofunguliwa mwezi wa Septemba, Louis alipokewa. Maradhi ambayo dawa ya kupaka iliweza kuyaponya yalikuwa yamekwisha kumnyang'anya miaka yote ya mwanzo ya elimu yake. Bibi Wald aliweka habari hiyo akilini, na kila alipomkuta mtoto mwingine wa namna hiyo aliiandika.

Si kweli kwamba wakubwa wa mji hawakufanya kitu. Mwaka 1897 Idara ya Afya ya New York iliajiri madaktari 150 wa kukagua shule, kila mmoja saa moja kwa siku. Kazi yao ilikuwa kutazama watoto, na yule mwenye dalili ya maradhi ya kuambukiza kumtoa darasani. Mwaka 1902 alikuja mkuu mpya wa afya, mtu mwenye bidii, akaamuru ukaguzi ufanywe kwa makini zaidi. Watu walishtuka kuona ni watoto wangapi waliokuwa na trakoma, yale maradhi ya macho ambayo wengine huyaita vikope na ambayo yasipotibiwa huleta upofu. Wengine walikuwa na mapunye, wengine upele, wengine chawa. Katika mwezi mmoja tu, Septemba 1902, watoto 10,567 walirudishwa nyumbani.

Tuutazame vizuri ukaguzi huo, kwa maana ndani yake mna jambo kubwa. Daktari alifanya wajibu wake. Mwalimu alifanya wajibu wake. Mtoto akapewa karatasi ya kupeleka kwa mama, na mama hakujua kusoma Kiingereza, au alikuwa kiwandani tangu alfajiri, au alisoma lakini hakujua hospitali iko wapi. Mtoto akafurahi kwa kuwa hana shule. Na jioni, watoto wenzake walipotoka darasani, akacheza nao njiani, hao hao ambao alitengwa nao ili asiwaambukize! Bibi Wald na wenzake waliliona jambo hilo kila siku kutoka madirisha ya nyumba yao. Ukaguzi ulipozidi kuwa mzuri ndivyo madarasa yalivyozidi kuwa matupu, na maradhi yakabaki pale pale.

Nasi tusijidanganye kwamba hilo ni la New York peke yake. Mtoto wa kwetu akirudishwa kwa ajili ya mapunye au funza, huonekana mchana huo huo akichunga mbuzi pamoja na ndugu zake, na jioni hulala nao kitanda kimoja.

Wakubwa wa elimu na wa afya walipokwama waliomba shauri. Bibi Wald akawaambia kwamba atawapa mwuguzi mmoja kutoka Henry Street kwa mwezi mmoja, bila malipo, ili wajionee. Lakini aliweka sharti, na katika sharti hilo twaona akili yake. Alitaka wamwahidi kwamba jaribio likifaulu, watatia bidii ili mwuguzi alipwe kwa fedha za mji kama daktari alivyolipwa. Hakutaka shule ya watu wote itegemee sadaka ya matajiri, hata wale waliokuwa rafiki zake. Hapo ndipo penye jibu la yule mzee wetu.

Mwuguzi aliyechaguliwa ni Bibi Lina Rogers, mzaliwa wa Kanada, aliyehitimu katika hospitali ya watoto ya Toronto mwaka 1894. Twaomba wasomaji walishike jina hili, kwa kuwa mara nyingi sifa humwendea aliyebuni, na aliyefanya husahauliwa. Tarehe 1 Oktoba 1902 alianza kazi katika shule nne, zile zilizokuwa zimerudisha watoto wengi kuliko nyingine, zenye wanafunzi wapatao 10,000 kwa jumla. Hakupewa ofisi. Katika shule nyingine zahanati yake ilikuwa pembe ya chumba, na katika nyingine ilikuwa kizingiti cha dirisha tu, akaweka mfuko wake juu yake akaanza.

Kila siku daktari alimpelekea watoto aliowaona kuwa na neno. Ili mtoto asitahayarike mbele ya wenzake kwa sababu ya chawa au uchafu, ugonjwa haukuandikwa kwa jina bali kwa alama ambazo daktari na mwuguzi peke yao walizijua. Sisi tuliosoma zamani twakumbuka jinsi mtoto alivyoitwa mbele ya mstari wa asubuhi na kichwa chake kuonyeshwa kwa shule nzima; wengine hawakurudi tena baada ya siku hiyo. Jambo la alama ni dogo, lakini laonyesha kwamba aliyelifikiri aliwajua watoto.

Mtoto mwenye macho mabaya alioshwa macho kwa dawa, mwenye mapunye alipakwa dawa, kisha akarudi darasani saa ile ile. Wale wenye ugonjwa mzito zaidi, Bibi Rogers aliwafuata nyumbani mchana baada ya shule. Akamweleza mama yale aliyoyasema daktari. Akamwambia zahanati iko njia gani. Kama mama alikuwa kazini na hapakuwa na mtu wa kumpeleka mtoto, alimpeleka mwenyewe. Na kama shida ilikuwa usafi, hakumtukana mama wala kumhubiria. Alikunja mikono ya nguo akamwosha mtoto kichwa mama akitazama, ili siku ya pili mama afanye mwenyewe.

Mwezi ulipokwisha alikuwa amewatibu wanafunzi 893 na kuzuru nyumba 137. Wakubwa wakaridhika. Mji ukatoa dola 30,000 za kuajiri wauguzi wa shule, na Bibi Rogers akawekwa kuwasimamia. Septemba ya mwaka uliofuata, 1903, hesabu ya watoto waliorudishwa nyumbani, ile iliyokuwa 10,567, ilikuwa 1,101.

Yafaa tuseme kwa haki kwamba New York haikuwa ya kwanza kumpeleka mwuguzi shuleni. Huko London wauguzi walikuwa wamekwisha kuanza kuzuru shule za maskini miaka ya 1890, kwa msaada wa vyama vya hisani. Lakini katika New York ndipo mji wenyewe ulipoichukua kazi hiyo ukailipia kwa fedha zake, nayo miji mingine ikafuata. Bibi Rogers baadaye aliitwa Toronto, mwaka 1910, kusimamia wauguzi wa shule wa huko, akaolewa na daktari wa shule hizo, na mwaka 1917 akatoa kitabu juu ya kazi ya mwuguzi wa shule.

Hapa tuna neno kwa binti yetu, naye atatusamehe. Bibi Rogers alipoingia katika shule zile nne alikuwa na miaka minane tangu kuhitimu. Mwuguzi wa shule hana daktari katika chumba cha pili wa kumwuliza. Yuko peke yake na watoto mia kadhaa, na ni lazima ajue yeye mwenyewe ni tumbo lipi la kungoja na lipi la kukimbiza hospitali. Kwa hiyo anayetaka kazi hii huanza kwanza kwa kuwa mwuguzi kamili, amefundishwa chuoni, amefanya mtihani, ameandikishwa na Baraza la Wauguzi la Kenya, na ikiwezekana amefanya kazi wodini au zahanati kwa muda. Shule za bweni zinazoajiri mwuguzi ni nyingi kuliko zile za kutwa, na shule nyingi za msingi za kutwa hazina mwuguzi. Serikali ya Kenya ilitoa sera ya afya ya shule mwaka 2009, na tangu mwaka 2012 dawa ya minyoo imetolewa kwa watoto mashuleni katika sehemu nyingi za nchi. Mara nyingi mikono iliyowapa watoto dawa hizo ilikuwa ya walimu, kwa sababu mwuguzi hayuko. Mzee aliyeuliza ni nani atakayelipa aliuliza vema, nasi twadhani swali hilo lapaswa kupelekwa kwa wale wanaogawa fedha za umma, kama Bibi Wald alivyolipeleka.

Tuyapite upesi mambo yake mengine, ingawa ni makubwa. Yeye ndiye aliyelipa jina kundi la wauguzi watokao kwenda kwa watu, wauguzi wa afya ya jamii, na mwaka 1912 chama chao cha taifa kilipoundwa alikuwa rais wake wa kwanza. Mwaka huo huo Msalaba Mwekundu wa Marekani ulianzisha, kwa shauri lake, kazi ya kupeleka wauguzi mashambani, mbali na miji. Mwaka huo huo tena serikali ya Marekani ilifungua ofisi ya kutazama maisha ya watoto, jambo alilolidai kwa miaka mingi pamoja na rafiki yake Bibi Florence Kelley. Alisaidia kufungua darasa la watoto wenye ulemavu katika shule ya jirani yake, wakati wengi walipoona watoto hao hawawezi kufundishwa.

Jambo moja hatuwezi kuliruka. Katika miaka ile ambapo watu weusi wa Marekani walifungiwa milango mingi, Bibi Wald alimwajiri mwaka 1906 Bibi Elizabeth Tyler, mwuguzi Mwafrika wa Marekani, akafanya kazi kati ya watu wake katika mitaa yao. Na mwaka 1909, wajumbe weusi na weupe walipokutana New York katika mkutano uliozaa kile chama kikubwa cha kutetea haki za watu weusi, Bibi Wald aliwakaribisha nyumbani Henry Street, wakala pamoja, jambo ambalo watu wengi wa wakati ule waliliona kuwa aibu. Wala hatusemi kwamba alikuwa mtu asiye na upungufu. Alitumia muda mwingi katika sebule za matajiri akiomba fedha, na wako waliomnung'unikia kwa hilo. Vita Kuu vya kwanza vilipokuja alivipinga waziwazi, na baadhi ya matajiri hao wakafunga mikoba. Hakubadili maneno yake. Homa kubwa ya mafua ilipoingia mjini mwaka 1918, yeye ndiye aliyewekwa kuongoza baraza la kuwakusanya wauguzi wa New York na kuwagawa.

Afya yake ilipodhoofika aliacha uongozi mwaka 1933, akaenda kukaa Westport katika jimbo la Connecticut, katika nyumba iliyo karibu na maji, na majirani wadogo kwa wakubwa walimtembelea. Hakuolewa wala hakuzaa. Alifariki tarehe 1 Septemba 1940, akiwa na miaka 73. Mwaka 1944 kazi ya wauguzi wa kuzuru nyumba ilitengwa ikawa chama kwa nafsi yake, nacho chaendelea New York mpaka leo. Na ile nyumba namba 265 ya Henry Street ingali ipo mpaka leo.